Pitieni Mlangoni

Nyumba yetu ya Tabata niliingia kwa mara ya kwanza ikiwa haina ukuta hata mmoja. Ilikuwa mwaka 1986, nina miaka mitano, na nyumba yenyewe ilikuwa kamba zilizofungwa kwenye vigingi juu ya mchanga. Kaka yangu aliruka kamba akakimbilia katikati. Baba alikuwa amechuchumaa, mkononi ana timazi, ile kamba ya fundi yenye uzito nchani. Akamwita: "Rudi. Hapo ni ukutani. Pitieni mlangoni."

Mlango ulikuwa nafasi tu kati ya vigingi viwili. Tukatoka nje, tukajipanga, tukapita mmoja mmoja. Mama alipita mwisho, amebeba mdogo wetu mgongoni, kanga kaikusanya isiguse kamba. Baba akatutembeza. Huu ukumbi. Hiki chumba cha bibi yenu. Hapa jiko, na moshi utatokea kule. Tulipofika kwenye kile alichokiita chumba cha watoto, akatulaza chini, mimi na kaka, juu ya mchanga wa moto, akauliza kama tunauona mwembe wa jirani. Kaka aliuona. Mimi sikuuona. Baba akachukua kijiti, akafuta alama aliyokuwa ameweka ya dirisha, akaisogeza kushoto hatua moja. "Sasa?" Nikauona.

Dirisha lile lipo mpaka leo. Kingo yake ya chini iko sentimita 60 tu kutoka sakafuni, na kila fundi aliyewahi kuingia nyumbani kwetu aliuliza ni nani aliyekosea vipimo.

Baba alifariki mwaka 2023, akiwa na miaka 69. Tangu tulipomaliza arobaini nimekuwa nikijaribu kuandika juu yake, na kila mara nakwama palepale. Nikianza na kazi yake ya usanifu wa majengo, najikuta naandika habari za nywele zangu na chakula cha shule. Nikianza na malezi yake, najikuta naandika habari za upepo. Nimeacha kujaribu kuvitenganisha.

Alizaliwa Pangani mwaka 1954, mtoto wa mchoma chokaa. Babu sikumkuta, lakini kazi yake naijua kama niliifanya mwenyewe, kwa sababu Baba alitusimulia mara nyingi tukiwa tunakula. Magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, na juu yake humwagwa mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Moto ukishika, magogo yanaungua, mawe yanashuka taratibu katikati, na ukipoa unakuta mawe yamekuwa meupe na mepesi. Unayamwagia maji yanachemka yenyewe. Baba akiwa mdogo aliamini baba yake ndiye aliyeifundisha dunia kuchemsha maji bila moto.

Kwenye nyumba za mawe za pale mjini ndipo alipopata somo lake la kwanza la usanifu. Alimuuliza baba yake kwa nini vyumba vya nyumba kubwa za zamani ni virefu lakini vyembamba, kama varanda. Babu akamwambia: kwa sababu ya boriti. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ya mkoko haizidi sana mita tatu. Tajiri angeweza kurefusha chumba apendavyo, lakini upana aliupangiwa na mti. Nilipokuwa mtu mzima Baba aliniambia kwamba siku ile ndipo alipoelewa kuwa kila nyumba ina sababu, na mtu mwenye subira anaweza kuzisoma moja moja.

Alikuja Dar es Salaam mwaka 1972, kidato cha nne mkononi na hana kazi, akafikia kwa baba yake mdogo Ilala. Wakati huo pale Kariakoo soko jipya lilikuwa linajengwa, na alipata kibarua cha kubeba kokoto. Wengi tumelijua soko lile kwa vitunguu na msongamano wake, hatukuinua macho. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake. Mvua ikinyesha, miavuli inakinga maji na kuyashusha hadi kwenye matangi chini ya ardhi. Pembeni hakukuzibwa, kwa hiyo hewa ya moto ya watu wale wote ina pa kutokea. Baba alibeba kokoto za baadhi ya miavuli ile. Aliona mbao zikisukwa kama kikapu kufuata umbo ambalo hajawahi kuliona, aliona zege likimiminwa, na aliona siku mbao zilipoondolewa mwavuli ukabaki umesimama wenyewe. Alisema vibarua walikaa kimya.

Kisha akaambiwa aliyechora ni Mtanzania, kijana mweusi kama wao, anaitwa Beda Amuli, aliyesomea Haifa, Israeli. Hiyo ndiyo habari iliyombadilisha. Ramani alikuwa ameziona mikononi mwa wazungu na Wahindi tu, na hakuwahi kujiuliza kama mtu wa Pangani anaweza kuwa upande wa pili wa karatasi. Mwalimu Nyerere alipolifungua soko Desemba 1975, Baba alikuwa kwenye umati, na alikuwa ameshaanza masomo ya jioni. Alifanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa binafsi, akaingia Ardhi, ambayo wakati huo ilikuwa Chuo cha Ardhi, si Chuo Kikuu kama leo. Alitoka na stashahada ya juu, akapangiwa kazi serikalini.

Nataka kusema kitu kuhusu meza yake, kwa sababu utoto wangu uliishi chini yake. Ilikuwa meza ya mninga iliyoinamishwa, na jioni Baba alifanya kazi za nje kwa taa ya kandili umeme ukikatika. Juu kulikuwa na karatasi zile za kupitisha mwanga, T-skwea, yaani rula ndefu yenye umbo la T, na kalamu za wino za Rotring ambazo hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kuzipumulia. Kosa la wino halifutwi kwa raba. Baba alichukua wembe akaukwangua mstari, taratibu mno, kisha akapasugua mahali pale kwa ukucha mpaka pakalainika, ili wino mpya usisambae. Ukikwangua kwa hasira karatasi inatoboka, na kazi ya wiki mbili inaanza upya. Sijawahi kumsikia baba yangu akipaza sauti. Naamini wembe ule ndio uliomfunza.

Ramani zikiiva alizipeleka kuchapwa mjini, akarudi nazo zina harufu kali ya amonia. Hiyo ndiyo harufu ya baba kwangu. Mara chache nikiwa kazini wodini mtu akimwaga dawa fulani ya usafi, nageuka.

Nyumba ya Tabata ilijengwa kidogo kidogo, kama wengi wetu tulivyojenga. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kozi sita za tofali, mwaka mwingine hakuna kitu. Saruji ilikuwa adimu na mshahara mdogo. Majirani walimtania: mfinyanzi hulia gaeni. Yeye anachorea watu maghorofa, kwake nyasi zinaota ukumbini. Halafu nyumba yenyewe ilipoanza kuonekana wakacheka zaidi, maana ilikuwa imeipa barabara ubavu. Wenzake wote walielekeza baraza barabarani, yeye kaelekeza kaskazini.

Nilimuuliza nikiwa darasa la nne. Akanitoa nje saa sita mchana, mwezi wa sita, akanisimamisha uani. "Kivuli chako kimeanguka wapi?" Kilikuwa kimeanguka kusini. Desemba akanitoa tena, kikawa kimeanguka kaskazini, kifupi zaidi. Mwanzoni mwa Machi akaniita kwa haraka kama mtu aliyeona nyoka: nikatoka, nikakuta nimekanyaga kivuli changu chote. Dar es Salaam iko karibu digrii saba kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba, jua la mchana linasimama juu ya utosi. Miezi mingine linaegemea kaskazini au kusini, likiwa juu, na upenu wa sentimita 70 unatosha kulizuia dirishani. Jua lisilozuilika ni la asubuhi na la alasiri, linalokuja limelala. Ndiyo maana kuta ndefu za nyumba yetu zinatazama kaskazini na kusini, na upande wa magharibi hakuna dirisha isipokuwa la choo. Kaskazi ikivuma kuanzia Desemba inaingilia barazani na kutokea jikoni. Kusi ikianza Aprili inaingia kwa matofali ya matundu ya upande wa pili. Hatukuwahi kununua feni mpaka mwaka 2004, na tuliinunua kwa ajili ya wageni.

Hakuna shule iliyonifundisha jiografia kama ule uwanja.

Mama alifariki mwaka 1993. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kaka kumi na minne, mdogo wetu minane. Baada ya matanga ndugu walikaa kikao, kwa nia njema, wala siwalaumu. Mwanamume mmoja hawezi kulea watoto watatu. Mimi niende kwa shangazi Tanga, mdogo aende kwa mama mkubwa Muheza, kaka abaki. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nawashukuru. Nyumba hii niliichora ya watoto watatu." Akanyamaza, na kikao kikaisha kwa sababu hakuna aliyejua la kuongeza.

Asubuhi ya Jumatatu ya kwanza kurudi shule aliniketisha kwenye kigoda, chanuo mkononi. Shule yetu iliruhusu wasichana kusuka, na nywele zangu alikuwa akizisuka Mama. Baba alizishika kama mtu aliyeshika ndege. Alijaribu, ikashindikana, nikaenda shule nimefunga mafundo mawili yasiyolingana. Jioni alirudi mapema, akaenda kwa jirani anayesuka wateja barazani, akaomba akae atazame. Alikaa na daftari. Alichora kichwa cha yule mteja kwa juu, akachora mistari ya kugawa nywele, akaweka namba. Wanawake walicheka sana, lakini yule msusi alimwelewa, akawa anamsimamishia kila hatua. Wiki ile ile alinisuka twende kilioni, misuko sita ya kurudi nyuma. Ndiyo mtindo pekee aliowahi kuumudu, na jina lake, kwa nyumba iliyotoka msibani, lilikuwa zito. Lakini njia zake zilikuwa zimenyooka kuliko za msusi yeyote pale Tabata. Alizipima kwa rula. Nilivaa kichwa kile kwa fahari mpaka nilipomaliza darasa la saba.

Alijifunza kukuna nazi. Alijifunza kupanga kwamba maharage yaloweke usiku. Juu ya jiko alibandika karatasi ya kuchorea, wiki nzima imegawanywa kwa mistari ya wino, nani anateka maji, nani anaosha vyombo, na jina lake mwenyewe limo humo sawa na yetu. Ilipofika zamu yake ya vyombo alivua saa akaosha. Wanaume waliokuja kumtembelea walikuwa wanamkuta karoni, na hakuacha.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulisamehe kabisa, nalo ni jengo linalodanganya. Miaka ya mwanzo ya 2000 alikuwa amestaafu mapema na anajitegemea, na ada ya mdogo wetu ilikuwa inasubiri. Mteja mmoja alimletea kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Msingi ulikuwa wa ghorofa nne na ulishamwagwa. Mteja akataka ramani ya ghorofa saba. Baba alieleza. Mteja akaongeza dau. Baba akakunja karatasi zake, akarudi nyumbani kwa daladala, akatuambia ada tutaitafuta kwingine. Mdogo wangu alipoteza muhula mzima. Nilimkasirikia Baba wakati ule, nasema ukweli. Niliona ameipenda zege kuliko mwanawe.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka asubuhi. Watu 36 walikufa. Baba hakuhusika nalo kwa lolote, lakini alipanda gari akaenda, akasimama nyuma ya kamba za polisi siku nzima na watu wengine. Alirudi usiku, nguo zimejaa vumbi, akakaa barazani bila kuvua viatu. Kulikuwa na watoto waliokuwa wakicheza mpira kando ya lile jengo, na baadhi yao walifukiwa. Akasema, "Mtu akiingia ndani ya nyumba hamuulizi aliyeichora. Anaingia tu. Ameshakuamini." Mdogo wangu alikuwepo. Alikwenda akamvua Baba viatu, na habari ya ule muhula haijatajwa tena nyumbani kwetu.

Furaha zake zilikuwa nyingi vilevile, nisije nikamwandika kama mtu wa huzuni. Alikuwa na noti ya shilingi 500, ile ya mwaka 2010 yenye Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliikunja kwenye pochi na akakataa kuitumia hata alipopungukiwa nauli, kwa sababu alilipenda lile paa. Akipita Mlimani alikuwa anakwenda kutazama kanisa la pamoja la Wakristo pale chuoni, kazi ya Anthony Almeida, yeye Mwislamu na kofia yake, anazunguka nje akiangalia mwanga unavyoingia. Alitupeleka Unguja kwa boti, akatupitisha Mji Mkongwe siku nzima akigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Pale Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, alitukalisha mbele ya zile nguzo za chuma tukala urojo, akatuambia tuhesabu madirisha. Sikumbuki idadi. Nakumbuka pilipili.

Sehemu ya jumba lile ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, ikaua mafundi wawili waliokuwa wakilikarabati. Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 10 Julai, Soko la Kariakoo likashika moto. Mimi nilikuwa zamu ya usiku, na niliona picha kwenye simu kabla yake. Nilimpigia ili asije akaziona peke yake. Alikuwa ameshaziona. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama miavuli imesimama. Nikamwambia inaonekana imesimama. Nilimsikia akipumua. Asubuhi nilipotoka kazini nikamkuta barazani, mkono wake wa kulia unasugua bega la kushoto, bega alilobebea kokoto akiwa kijana wa miaka kumi na minane.

Alianza kuugua mwishoni mwa 2022. Kiharusi kilichukua upande wa kushoto, na mkono wa kuchorea ukabaki. Alilazwa hospitali kwa wiki tatu. Kitanda chake kilikuwa kwenye jengo la zamani, wodi ndefu yenye madirisha pande zote mbili, na kila nilipoingia alikuwa ananionyesha kwa kidole jinsi pazia la upande huu linavyoingia ndani na la upande ule linavyotoka nje. Mimi ni muuguzi wa miaka mingi. Nimefungua madirisha yale maelfu ya mara, na ni yeye, akiwa hawezi kutamka vizuri, aliyenifanya nielewe kwa nini yalitazamana.

Tulimrudisha nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Njiani nilikuwa na wasiwasi juu ya milango, maana nyumba za Tabata nyingi ni sentimita 70 au 75, kiti hakipiti. Kwa wagonjwa wangu nimeona milango ikibomolewa. Tulipofika, kaka alisukuma kiti, kikapita mlango mkubwa, kikapita ukumbini, kikaingia chumba kilichokuwa cha bibi bila kugusa pande. Kaka akachukua futi akapima. Sentimita 95. Chumba kile Baba alikichora mwaka 1986 kwa ajili ya mama yake, ambaye wakati ule alikuwa anatembea vizuri tu na anapanda mnazi kwa ubishi. Bibi alipokuja kuugua miaka kumi baadaye tulimpitisha kitandani mzimamzima, nilikuwa nimesahau. Baba alitutazama na ile futi. Hakusema kitu, upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

Alikaa humo miezi minne. Nilimwogesha, nilimnyoa ndevu, nilimlisha uji. Siku moja aliinua mkono akashika nywele zangu, zina rasta za dukani siku hizi, akazipitisha vidole kama anatafuta njia. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, dirisha la kusini liko wazi. Mwenyezi Mungu amrehemu. Alipotolewa, wanaume walitaka kulipitisha jeneza uani, ambako ndiko karibu na gari. Kaka yangu akasimama mbele yao. Wakageuka, wakapita mlangoni.

Sasa kuna jambo la nondo. Juu ya ukumbi wetu, tangu mwaka 1998, nondo nane zinachungulia angani kutoka kwenye nguzo mbili alizozipandisha kwa ajili ya chumba cha juu ambacho hakuwahi kukijenga. Zimeshika kutu. Mvua za Aprili zinafuata kutu ile mpaka ndani ya zege, nguzo moja imeanza ufa mwembamba. Fundi aliyekuja alishauri tuzikate na msumeno tufunge ukurasa. Tulikaa ndugu watatu barazani tukalijadili, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme. Mdogo wangu ndiye aliyesema. Baba angekata? Hatukujua. Lakini tulijua asingeacha kutu.

Jumamosi iliyopita tulipanda juu. Kaka alisugua nondo kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, mimi nikazipaka saruji nzito, mdogo akachanganya zege dogo la kuzifunika vichwa, ili mvua isiingie na siku mtu akitaka kuendelea aligonge litoke. Tulichukua ile timazi yake, kamba imekuwa nyeusi kwa mikono, tukaiteremsha kwenye nguzo ya kwanza. Imesimama sawa. Tukahamia ya pili. Binti yangu wa miaka sita alikuwa chini uani anataka kupanda, kaning'inia kwenye ngazi ya mafundi, na kaka akamwambia azunguke, apitie mlangoni.